Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Zampoña, Charango na Muziki wa Milima ya Andes

Haya ni maswali tunayoulizwa kila tunaposhuka jukwaani, pamoja na yale ambayo wanafunzi wapya huja nayo darasani. Mimi ni mpigaji na mwalimu wa muziki huu. Nilifundishwa na Wabolivia na Waperu waliohamia Ulaya, na hadi leo napiga nao katika kundi moja. Nimejibu kwa Kiswahili kwa sababu ndugu wengi kutoka Afrika Mashariki wameniandikia wakiuliza pa kuanzia.

Muziki wa Andes ni muziki gani hasa?

Milima ya Andes inapita upande wote wa magharibi wa Amerika ya Kusini, kuanzia Venezuela hadi Chile na Argentina, kwa hiyo hakuna muziki mmoja wa Andes. Ekuado ina mapigo yake, Ayacucho ya Peru ina yake, na kaskazini mwa Argentina vilevile. Sisi hupiga zaidi muziki wa Waaymara na Wakechua wa nyanda za juu za Bolivia na kusini mwa Peru, kuzunguka Ziwa Titicaca, lililoko mita 3,812 juu ya usawa wa bahari.

Ala za kupuliza ndizo za kale kuliko zote. Huko Caral, mji wa Peru uliostawi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta filimbi 32 zilizochongwa kwa mifupa ya ndege. Nyuzi zilikuja baadaye, karne ya 16, pamoja na Wahispania walioleta gitaa, kinubi na fidla. Wenyeji walizichukua ala hizo na kuzigeuza zao kabisa.

Zampoña ni nini, na kwa nini mnapiga wawili wawili?

Zampoña ni filimbi za matete zilizofungwa pamoja kwa safu, kila tete na sauti yake. Chini tete limezibwa na pingili yake lenyewe, juu liko wazi, nawe unapuliza kwenye ukingo kama unavyopuliza mdomo wa chupa. Kwa Kiaymara ala hii inaitwa siku. Jina hilo linagongana na neno letu la kila siku, kwa hiyo hapa nitatumia zampoña, jina la Kihispania. Wapigaji wake wanaitwa sikuri.

Sasa fika kwenye jambo lenyewe. Zampoña ya jadi ina nusu mbili, na kila nusu inashikwa na mtu wake. Nusu moja inaitwa ira, nayo kwa kawaida ina matete sita. Nyingine ni arka, yenye matete saba. Sauti za wimbo zimegawanywa kati yao kwa kupokezana. Waliowahi kuimba kwaya wataelewa haraka nikitumia solfa. Chukua ngazi inayoanzia so ya chini: so iko kwa arka, la iko kwa ira, ti kwa arka, do kwa ira, re kwa arka, mi kwa ira, fa kwa arka, kisha so ya juu iko kwa ira. Umeona kilichotokea? So ya chini ilikuwa ya arka, so ya juu imekwenda kwa ira. Kwa kuwa ngazi ina sauti saba, ambazo hazigawanyiki kwa mbili, kila ukipanda oktava sauti zinabadilisha mikono.

Maana yake ni kwamba mwenye ira hawezi kupiga hata «do re mi» peke yake. Anayo do, anayo mi, lakini re iko kwa mwenzake. Wimbo wote unapita hivyo, kutoka kinywa kimoja hadi kingine, wakati mwingine mara nne au tano ndani ya sekunde moja. Msikilizaji aliyefumba macho husikia wimbo mmoja usiokatika. Akiyafumbua, anaona watu wawili wametazamana, kila mmoja akipuliza na kunyamaza, akipuliza na kunyamaza.

Mwenye ira huongoza, mwenye arka hufuata na kujibu. Waaymara wengi huziita dume na jike. Kwangu hili ndilo jambo la kwanza na kubwa katika muziki huu, na ndilo ninalofundisha kabla ya kingine chochote.

Basi naweza kujifunza peke yangu nyumbani kwa kutazama video?

Utajifunza kutoa sauti, nayo ni kazi nzuri ya wiki kadhaa. Kupiga zampoña hutajifunza, kwa sababu nusu ya wimbo hunayo. Mtafute mtu. Awe mke, mume, mdogo wako, jirani, mwenzako wa kwaya. Simpokei mwanafunzi mmoja mmoja kwa masomo ya zampoña, na wanaoniandikia wakitaka masomo ya faragha huwajibu hivyo hivyo: njoo na mtu, au nikutafutie mtu.

Lakini nimeona mpigaji mmoja akishika nusu zote mbili.

Umeona sawa, na wapo wanaofanya hivyo kwa ufundi mkubwa sana. Mtindo huo ulienea mjini. Katikati ya miaka ya 1960, huko La Paz, Bolivia, ukumbi mdogo ulioitwa Peña Naira ulikusanya wasanii na watu waliopenda nyimbo za wenyeji. Hapo ndipo lilipozaliwa kundi la Los Jairas, likiwa na Ernesto Cavour kwenye charango, ala ndogo ya nyuzi, Edgar Joffré akiimba, Julio Godoy kwenye gitaa, na Mswisi Gilbert Favre kwenye quena, ile filimbi moja yenye pengo mdomoni. Watu wanne, kila mmoja na ala yake, wamekaa jukwaani mbele ya wasikilizaji waliotulia vitini. Kijijini ilikuwa watu ishirini au zaidi wakizunguka huku wakicheza na kupuliza, na ngoma zikiwa mikononi mwao.

Kundi la namna hiyo ndilo lililoigwa kote, Amerika ya Kusini na Ulaya. Na penye kundi dogo kila mtu ana kazi nyingi, kwa hiyo ira na arka zikaunganishwa zikapigwa na mtu mmoja. Mkono ulipata wepesi na wapigaji mahodari wakatokea. Silaumu. Los Jairas waliwafanya watu wa mjini waheshimu ala ambazo wengi walikuwa wakizidharau kama mambo ya washamba. Ila mwanafunzi anayeanza na nusu zote mbili mkononi hukosa kitu ambacho hatakirudia kwa urahisi, nacho ni kumsikiliza mwenzake.

Kijijini watu hufundishanaje?

Mfano ninaoupenda ni wa Conima, wilaya iliyo kando ya Titicaca katika mkoa wa Puno, Peru, ambako wataalamu wa muziki wamekaa na wapigaji kwa muda mrefu na kuandika waliyoyaona. Hakuna darasa. Kijana anayetaka kupiga anachukua zampoña, anaingia kwenye duara, anapuliza polepole akifuata wenzake. Wimbo una vipande vitatu, kila kimoja hurudiwa mara mbili, kisha wote unaanza upya, na unaweza kuzunguka hivyo muda mrefu sana usiku wa sherehe. Mpaka kunakucha, aliyekuwa hajui ameshajua. Akikosea, hakuna anayemkemea mbele za watu.

Kutunga nako ni kazi ya pamoja. Kabla ya sherehe wapigaji hukutana wakatafuta wimbo mpya. Mmoja hupuliza kipande kifupi. Kikiwafurahisha wenzake, wataanza kukishika mmoja baada ya mwingine. Kisipowafurahisha, kinapita kimyakimya bila mtu kusema neno, na mwingine anajaribu chake. Wimbo ukikamilika, ni wa kundi.

Na sauti wanayoitafuta ni ya kundi kupiga kama ala moja. Sauti ya mtu mmoja ikijitokeza juu ya wengine, hiyo ni kasoro, hata kama ni nzuri. Nimefundisha wapiga filimbi waliosoma vyuo vya muziki, wenye pumzi safi na vidole vyepesi, na jambo lililowatoa jasho lilikuwa hili la kutosikika.

Somo la kwanza likoje?

Tunakaa kwa duara, mwenye ira karibu na mwenye arka. Kwanza mdomo: tabasamu kidogo, midomo ibane, ukingo wa tete ukae chini ya mdomo wa chini, kisha sema «tu» bila sauti ya koo. Si kupuliza ndani ya tete, ni kupuliza juu yake, hewa igonge ukingo wa mbele. Wengi hupuliza kwa nguvu mno. Sauti ikitoka, tunaacha nguvu na kutafuta ufupi: «tu», basi, nyamaza.

Halafu sauti mbili tu. Ira anapiga do, arka anajibu re. Do, re, do, re, taratibu kama mwendo wa kutembea. Hapo ndipo utawaona watu wazima wakicheka kama watoto, kwa kuwa kila mmoja anakimbilia zamu ya mwenzake. Mwenye do anapuliza, anaogopa kimya kinachofuata, anapuliza tena kabla ya re kutoka. Huwaambia waangalie kifua cha mwenzao. Pumzi ya mtu huonekana kabla haijasikika. Ukiona kifua chake kinapanda, jua zamu yake inakuja.

Baada ya nusu saa wanapiga sauti tano. Baada ya wiki chache wanaingia kwenye huayno fupi, wimbo wa kucheza wa Andes, huku miguu ikicheza, kwani ngoma kubwa, bombo, hupigwa na wapuliza filimbi wenyewe. Simgawii mtu karatasi ya nota mpaka aweze kupiga nyimbo tatu kwa kusikia.

Nikipuliza napata kizunguzungu. Ni kwa sababu ya mapafu yangu?

Hapana. Unapopuliza haraka na kwa nguvu unatoa hewa ya ukaa nyingi mwilini kuliko kawaida, na kichwa huwa chepesi. Kaa chini, pumua polepole, kitapita. Kisha punguza nguvu. Mgawanyo wa ira na arka unasaidia sana hapa: mwenzako anapopuliza, wewe unavuta pumzi. Fikiria wale wanaopiga na kucheza masaa mengi kwenye mwinuko wa mita 3,800, ambako hewa ni haba. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo amwone daktari wake kwanza.

Zile filimbi ndefu zinazofika magotini ni zampoña pia?

Ndiyo, zinaitwa toyo. Zampoña zina saizi kadhaa, na kila saizi ina urefu nusu ya ile inayoizidi, kwa hiyo iko oktava moja juu. Toyo ndiyo kubwa, tete lake refu hupita mita moja. Hufuata sanka, kisha malta, ndogo kabisa ni chuli. Anza na malta. Toyo inakula pumzi.

Charango inatengenezwa kwa gamba la mnyama kweli?

Zamani ndiyo. Charango ni ala ndogo ya nyuzi kumi zilizopangwa jozi tano, na mgongo wake ulikuwa gamba la quirquincho, mnyama mdogo wa nyanda za juu mwenye gamba gumu, anayemkumbusha mtu kakakuona wetu. Siku hizi mnyama huyo analindwa na kumuuza nje ni tatizo la kisheria. Ukinunua charango ya gamba sokoni unaweza kunyang'anywa forodhani, na mbali na hilo, unachangia kummaliza. Charango nzuri za leo ni za mti mmoja uliochimbwa, na mafundi wa Cochabamba, Bolivia, wanasifika kwa hizo. Sauti yake haina upungufu wowote.

Anayejua ukulele ana mwanzo mzuri: jozi nne za kwanza hutyuniwa vilevile, sol, do, mi, la, kisha inaongezwa mi nyingine. Jozi ya katikati ina nyuzi mbili zilizoachana oktava moja, na ndiyo inayoipa charango ule mng'ao wake. Vijijini wengi hutumia nyuzi za chuma na kutyuni kwa namna nyingi tofauti, kulingana na eneo na majira. Mjini ni nailoni.

Charango ninamfundisha mtu mmoja mmoja. Ala hii inaruhusu.

Ni kweli wanaipeleka charango kwa nguva?

Ni imani inayosimuliwa sehemu nyingi za kusini mwa Peru na Bolivia. Nguva, wanamwita Sirena, anakaa kwenye chemchemi, maporomoko na maziwa. Mpigaji huiacha charango yake hapo usiku pamoja na sadaka, na asubuhi anaikuta imetyuniwa kwa namna ambayo hakuna binti anayeweza kuipinga. Huko Canas, mkoa wa Cusco, charango imekuwa ala ya kijana anayetafuta mchumba, kwa hiyo msaada wa Sirena si jambo dogo. Utaona pia charango zilizochongwa kichwa cha nguva. Watu wa pwani yetu, waliokua na hadithi za nguva na majini, hulipokea jambo hili bila shida kuliko wasikilizaji wangu wa Ulaya.

Mbona mwezi wa Julai mlikataa kupiga tarka?

Kwa sababu si wakati wake. Katika jamii nyingi za nyanda za juu za Bolivia, ala zina majira. Tarka, filimbi ya mti yenye umbo la pembe nne na sauti ya kukwaruza, pamoja na pinkillo, filimbi nyingine, hupigwa wakati wa mvua, kuanzia Watakatifu Wote mwanzoni mwa Novemba hadi Karnivali, Februari au Machi. Inaaminika sauti yake inaita mvua na kusaidia viazi kukua. Zampoña ni za kiangazi. Mtu akipiga tarka wakati usiofaa anaweza kuharibu hali ya hewa, na mkulima ambaye mazao yake yote yako shambani halichukulii hilo kwa mzaha.

Sisi tuko Ulaya, hatuna shamba la viazi linalotegemea filimbi zetu. Bado tunafuata kalenda ile, kwa sababu walimu wangu wanaifuata, na kwa sababu mwanafunzi anayesubiri Novemba ili aishike tarka hujifunza jambo kuhusu muziki huu ambalo siwezi kumweleza kwa maneno. Tarka pia hunyweshwa kabla ya kupigwa: humiminiwa maji au pombe mti uvimbe na nyufa ndogo zizibe.

Ule wimbo maarufu wa kondori ni wa jadi, wa Wainka?

Hapana, una mtunzi. «El cóndor pasa» ni kazi ya Daniel Alomía Robles, Mperu aliyezunguka milimani akikusanya nyimbo za wenyeji. Aliutunga kwa ajili ya mchezo wa jukwaani ulioonyeshwa Lima mwaka 1913, mchezo unaohusu wachimba madini wanaoonewa na wenye mgodi. Paul Simon aliusikia Paris miaka ya 1960 kutoka kwa kundi la Los Incas, akauwekea maneno ya Kiingereza, na mwaka 1970 ukavuma dunia nzima. Yeye aliambiwa ni wimbo wa jadi. Mwana wa mtunzi alidai haki ya baba yake na jina likarudishwa. Mwaka 2004 Peru iliutangaza kuwa sehemu ya urithi wa taifa.

Nalieleza hili kila tunapoupiga. Neno «jadi» limetumika mara nyingi kuwanyima watu wa Andes jina na malipo.

Na Lambada?

Hiyo nayo! Walioicheza kwenye harusi na disko za mwaka 1989 na 1990 walikuwa wakicheza wimbo wa Kibolivia bila kujua. «Llorando se fue» ni wimbo wa Los Kjarkas, kundi la Cochabamba lililoanzishwa na ndugu wa familia ya Hermosa, na waliurekodi mwaka 1981. Kundi la Kaoma, Ufaransa, liliutoa kama Lambada bila ruhusa yao. Akina Hermosa walidai haki mahakamani wakaipata. Sikiliza wimbo wa Los Kjarkas na utasikia zampoña ikipiga kile kipande ambacho Lambada imekiweka kwenye kodiani.

Je, kuna mchango wa Waafrika katika muziki wa Andes?

Upo, na ninaulizwa hili na Waafrika wenzangu tu, jambo linalonisikitisha. Wahispania walipeleka Waafrika waliotekwa hadi Potosí, kwenye migodi ya fedha, na baadaye wengi wakajikuta kwenye mashamba ya koka huko Yungas, mabonde yenye joto kaskazini mashariki mwa La Paz. Wazao wao wako hadi leo katika vijiji kama Tocaña na Mururata. Muziki wao ni saya: ngoma za ukubwa tofauti, kijiti kinachokwaruzwa kwenye tete lenye mikato, kengele miguuni mwa kiongozi, na kuimba kwa kiitikio, mmoja akitoa na wengi wakipokea. Mtu wa kwetu akisikia mara ya kwanza hahitaji kuelezwa.

Saya ilikuwa karibu kupotea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijana wa Coroico, mji wa Yungas, waliifufua, na kupitia ngoma hizo wakaanza kudai kutambuliwa kama watu wenye historia yao nchini. Katiba ya Bolivia ya mwaka 2009 inawataja Waafro-Bolivia kwa jina. Kuna mvutano ambao haujaisha: ngoma ya caporales, iliyobuniwa La Paz mwaka 1969 na akina Estrada Pacheco, na inayochezwa na maelfu kwenye Karnivali ya Oruro, kwa miaka mingi imeitwa saya kwenye rekodi. Wenye saya wanapinga. Nawaunga mkono. Kundi letu hupiga caporales na kuiita caporales. Saya hatuipigi jukwaani. Tunawaelekeza watu kwa wenyewe wawasikilize.

Kwa nini wapigaji wengi wa Andes niliowaona Ulaya huvaa mataji ya manyoya?

Mavazi hayo ni ya wenyeji wa nyanda za Amerika ya Kaskazini, na hayahusiani na Andes. Kuanzia miaka ya 1980 makundi mengi ya Andes yalipata riziki barabarani na vituo vya treni, na baadhi waligundua kwamba wapita njia hutoa sarafu zaidi wakiona manyoya na kusikia muziki wa kompyuta nyuma. Ni watu waliokuwa wakitafuta kula, mbali na kwao, na miongoni mwao wamo wapigaji hodari sana. Lakini mtoto akiniuliza, namwonyesha poncho, kofia ya sufu yenye masikio na kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na kumwambia hivi ndivyo.

Muziki huu ulifikaje Ulaya hata ukapendwa hivyo?

Kwa njia mbili kubwa. Paris ilikuwa na makundi yaliyopiga quena na charango tangu miaka ya 1950. Halafu ikaja Chile. Wanamuziki waliomuunga mkono rais Salvador Allende walikuwa wamezichukua ala za Andes kama sauti ya watu wa chini. Baada ya mapinduzi ya 11 Septemba 1973, utawala wa kijeshi uliziona charango na quena kama alama ya upinzani, na kwa muda redio zikaziacha kabisa. Kundi la Inti-Illimani la Chile lilikuwa ziarani Italia siku hiyo. Walibaki huko hadi 1988. Wenzao wa kundi la Quilapayún walibaki Ufaransa. Ndani ya Chile, kundi la Barroco Andino lilipiga Bach kwa quena na charango mwaka 1974, ili ala zisikike tena bila mtu kukamatwa.

Nani mwingine amefundisha muziki huu kwa namna unayoiheshimu?

Ernesto Cavour, niliyemtaja juu. Alijifunza mwenyewe, akaandika vitabu vya kufundishia charango ambavyo vimepita mikononi mwa vizazi, akabuni ala mpya, na akakusanya ala za Bolivia katika makumbusho aliyoyafungua kwa umma, ambayo yako Calle Jaén, mtaa mwembamba wa zamani mjini La Paz. Alifariki mwaka 2022 akiwa na miaka 82.

Luzmila Carpio, aliyezaliwa mwaka 1949 kaskazini mwa Potosí, ameimba kwa Kikechua jukwaa baada ya jukwaa na akawa balozi wa Bolivia nchini Ufaransa.

Na Orchestra ya Majaribio ya Ala za Wenyeji, iliyoanzishwa La Paz mwaka 1980 na Cergio Prudencio, ambayo hutunga muziki mpya kabisa kwa zampoña na tarka, na kufundisha watoto wa mjini kwa utaratibu ule ule wa kupokezana. Machi 2020 vijana wake walikwama Ujerumani, kwenye kasri la Rheinsberg, korona ilipofunga mipaka. Walifanya mazoezi humo kwa wiki nyingi.

Afrika Mashariki tuna kitu kinachofanana na ira na arka?

Tunacho. Amadinda ya Buganda hupigwa na watu walioketi pande mbili za marimba moja, kila mmoja akipiga katikati ya mapigo ya mwenzake, mpaka wimbo utoke ambao hakuna aliyeupiga peke yake. Wanyungwe wa Tete, Msumbiji, wana nyanga, filimbi za safu zinazopigwa kwa duara huku watu wakicheza na kupokezana sauti. Mwanafunzi aliyekulia kwenye ngoma hizo hunipita mimi katika wiki ya kwanza.

Ni haki mtu asiye wa Andes kuupiga na kuufundisha?

Niliwauliza walimu wangu swali hili kabla sijaanza kufundisha. Jibu lao lilikuwa masharti, nami nayashika. Nitaje kijiji au mji ambako wimbo umetoka, na mtunzi akijulikana, jina lake. Nisisajili wimbo wa jamii kwa jina langu. Tukilipwa, wenye muziki walipwe kwanza. Nyimbo za ibada na za mazishi zisipandishwe jukwaani. Na mwanafunzi akitaka kuendelea mbali, nimpeleke kwao. Hata Lima, tangu miaka ya 1970, vijana wa mjini waliounda vikundi vya sikuri wamekuwa wakienda Puno kujifunza kwa wazee na kuwaomba wawasahihishe.

Lazima nijue Kihispania? Umri? Je, mnakuja shuleni?

Kihispania si lazima, ingawa kitakusaidia. Watoto nawapokea kuanzia miaka saba. Wazee nawapokea bila kikomo. Shuleni tunakuja tukiwa angalau sita, na tunaomba muda wa kutosha wanafunzi wenyewe wapulize, si kutazama tu.

Sina pa kununua zampoña. Naweza kutengeneza?

Naam. Tafuta matete makavu, mianzi myembamba, au bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, lenye tundu la milimita 12 hadi 15. Kwa bomba la plastiki, ziba chini kwa kizibo cha chupa kilichochongwa kikaingia kwa kubana. Vipimo hivi ni vya kina cha ndani, kutoka mdomoni hadi kwenye kizibo, kwa saizi ya malta, kwa sentimita:

Arka, matete saba: 29.2, 23.2, 19.5, 16.4, 13.0, 10.9, 8.7.

Ira, matete sita: 26.0, 21.9, 17.4, 14.6, 11.6, 9.7.

Ukianza hivyo sauti zitakuwa chini kidogo, na ndivyo inavyotakiwa: sukuma kizibo ndani taratibu, milimita chache, mpaka sauti ilingane na kinanda au programu ya kutyuni kwenye simu. Arka inaanzia D, ile so ya chini, na ira inaanzia E, ile la. Piga msasa mdomo wa kila bomba usikwaruze. Panga kutoka refu hadi fupi, weka vijiti viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, funga kwa uzi imara. Kisha shika nusu moja, na nyingine mpe mtu.